Mchanga Uliokataa Kulala

"Taratibu, unanipata?"

"Nakupata, Mzee."

"Mzigo umo humo ndani. Ubebe. Ukikushinda kuubeba, uzike humo humo."

Sauti ikakatika sikioni. Taratibu akaweka tai yake sawa, akamkabidhi bawabu kadi ya mwaliko ya kughushi, akaingia ukumbi wa maonyesho kama mtu aliyekuja kula vya bure.

Walimwita Taratibu kwa sababu katika maisha yake yote ya ujasusi hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Waliomkimbia aliwafikia. Waliomkimbiza walijuta.

Lakini alasiri hiyo moyo wake ulikwenda mbio. Mzigo ulikuwa shemeji yake, mume wa dada yake wa pekee, mhandisi aliyejenga daraja kubwa la reli. Mtu huyo alitoweka juzi, na idara iliamini ametekwa na watu wa ng'ambo wanaotaka kuliangusha daraja treni ya jioni ikiwa juu yake. Kumzika maana yake ni kumfunga mdomo kabla hajasema. Asubuhi ile Taratibu alikuwa amemwahidi dada yake jambo moja tu: mumeo nitakurudishia. Amri ya Mzee ingesubiri.

Akatembea polepole katikati ya wageni. Kulikuwa na nyaya zilizoimba mtu akipita karibu nazo, na mabakuli ya maji yaliyokunja uso kila spika iliponguruma. Kulikuwa na kiti cha mbao ambacho ukikikalia unausikia wimbo kwenye mifupa, masikio hayana habari. Katikati ya ukumbi lilikaa bamba la chuma, pana kama kitanda, juu ya nguzo nene ya chuma iliyotoboa sakafu na kushuka chini. Juu yake ulimwagwa mchanga mweupe. Mngurumo ulipopanda, mchanga ulikimbia na kujipanga ukawa maua, kisha nyota, na wageni wakasema jamani, jamani!

Mwenye kazi hizo hakuwepo. Msanii, mwanamke aliyesomea fizikia kabla ya kugeukia sanaa, eti alikuwa na homa. Ndivyo alivyowaeleza wageni Mfadhili wa maonyesho, mzungumzaji mwenye mvi na suti ya kitani aliyetoka ng'ambo. Idara ilimfuatilia mwaka mzima bila kumshika hata kwa kosa la kuegesha gari.

Mfadhili akainua mkono. "Zimeni mngurumo, tafadhali. Nina machache ya kusema."

Ukumbi ukanyamaza. Mchanga ulipaswa kulala.

Haukulala.

Uliruka kidogo, ukatua. Ukaruka tena. Wageni walimtazama Mfadhili. Taratibu peke yake aliutazama mchanga. Akaweka vidole kwenye nguzo. Chuma kilimgonga vidoleni, du, du, du, kisha kikapumzika kama mtu anayetafuta nguvu. Chini ya sakafu kulikuwa na mtu anayeomba msaada.

Shemeji yu hai, akawaza, na macho yakamwasha.

Kando ya choo kulikuwa na mlango ulioandikwa "Wafanyakazi Tu", na mbele yake pandikizi la mtu limeketi kwenye kiti.

"Choo upande ule, bosi."

"Najua," Taratibu akasema, akainama kama anayetaka kunong'ona. Kisu kikaingia chini ya ubavu. Akamkumbatia mlinzi yule mpaka alipoacha kutikisika, akamwegemeza vizuri kitini, akamshushia kofia usoni. Angepita mtu, angesema jamaa kachoka na kazi.

Akateremka ngazi. Bastola yake, Beretta, mkononi, bila kizuia sauti, maana kingetuna chini ya koti.

Chini kulikuwa na taa moja, makopo ya rangi na harufu ya vumbi. Mwanamke alifungwa kwenye nguzo ile ile, selotepu mdomoni, akipiga chuma kwa kisigino kilichochanika. Waliomfunga walitafuta kitu kigumu kuliko vyote mle ndani, bila kujiuliza juu yake kumekaa nini. Alikuwa Msanii.

Mbele yake alisimama shemeji, amekunja mikono ya shati. Hakuwa na hata mkwaruzo.

Furaha ilimpanda Taratibu mpaka kooni. "Shemeji! Tuondoke."

Shemeji akageuka. Alishika koleo. Mezani, kando ya chupa ya chai, kulikuwa na kucha zimepangwa kwa mstari, safi, kama skrubu za fundi.

"Umefikaje huku?" shemeji akauliza.

"Nimekuja kukuokoa."

"Mbona sijatekwa?"

"Naona."

Taratibu alimpenda mtu huyu. Ndiye aliyemfundisha kuendesha gari. Ndiye aliyeshika mwiko na kuwapikia wote mama yao alipofariki. Akaishusha bastola.

"Huyu mama alikaa miezi chini ya daraja langu," shemeji akasema, "ananasa mtetemo wake kwa ajili ya sanaa. Akaigundua sauti moja ambayo ukiipiga kwenye nguzo, daraja linatetemeka mpaka linaachia. Akafuta kila kitu, akabakiza kichwani. Mkaidi kweli! Lakini amesema." Akaonyesha simu yake. "Mitambo tumeshaifunga kwenye nguzo za daraja. Wenzangu kule wanasubiri namba ya sauti hiyo tu."

"Kwa nini, shemeji?"

"Daraja nimelijenga mimi. Siku ya kulifungua nikaketishwa nyuma ya wapiga tarumbeta! Jiwe la ufunguzi limejaa majina ya watu wasiojua saruji inachanganywaje. Likianguka watauliza nani alilijenga. Hapo watanijua."

"Treni ya jioni ina watu."

"Treni gani haina watu?"

Juu, Mfadhili aliendelea kuhutubia ukumbi ulionyamaza kimya. Risasi moja ingewashusha walinzi wake wote kwenye ngazi hizo. Kwa hiyo Taratibu akasimama mlangoni, akazungumza.

"Dada anakuulizia."

"Mwambie nimesafiri. Nipishe, huku chini hakuna mtandao."

"Watoto je?"

"Nipishe, bwana. Huwezi kunipiga risasi. Dada yako utamtazamaje usoni?" Akamwekea Taratibu mkono begani, kwa upole kabisa, ili apite.

Makofi yakasikika juu. Kisha mngurumo ukarudi.

Vumbi likadondoka darini. Shemeji akainua macho, akaelewa. Mhandisi ni mhandisi.

"Mdogo wangu, ngoja..."

Taratibu akafyatua, akafyatua tena. Mngurumo uliokuwa umeficha mayowe ya mwanamke ukaficha na ya shemeji. Akaiokota simu, akaivunja kwa kisigino.

Akamfungua Msanii, akapanda hadi juu ya ngazi penye mtandao, kisha akagusa sikio. "Mzee. Mzigo umezikwa. Mitambo iko kwenye nguzo za daraja, na watu wao wako hapo hapo."

"Tunawafuata. Pole, kijana. Na Mfadhili?"

"Ana miadi."

Akaingia ukumbini, akamnong'oneza Mfadhili: "Mhandisi anakuita. Namba ameipata."

Uso wa Mfadhili ukang'aa. Alishuka kwa miguu yake mwenyewe, tena kwa haraka, Taratibu nyuma yake. Alipovuka kizingiti, kitako cha Beretta kikampasua goti, akaanguka chali kando ya maiti. Taratibu akamfunga kwenye nguzo, kwa kamba zile zile. Akampa Msanii koleo.

"Wenzangu wanakuja kumchukua. Watachelewa kidogo."

Msanii aliutazama mkono wake wa kulia, akazitazama kucha mezani. Akalipokea koleo kwa mkono wa kushoto.

"Mwambie fundi wangu asizime mngurumo," akasema.

Ukumbini wageni walikuwa wamelizunguka bamba. Ua la mchanga lilikuwa limetulia. Ghafla likavunjika, chembe zikarukaruka ovyo, zikakimbilia pembeni.

"Kazi hii ina uhai!" akasema bibi mmoja, akapiga makofi. Wengine wakafuata.

"Inao, mama," Taratibu akamjibu, akatoka nje kwenye jua.

Simu ikaita. Dada.

"Umempata?"

"Nimempata."

"Mungu mkubwa! Nimemwekea maji ya kuoga motoni, najua huko hajaoga. Mnakuja sasa hivi?"

Taratibu akatazama pindo la mkono wa shati lake. Akalikunja, doa la damu likaingia ndani.

"Yaepue maji, dada."

Akasikia kitu kinaanguka jikoni kule, kisha sauti ya dada yake ikaanza kupanda. Akakata simu, akavuka barabara. Hakukimbia.