Wabebaji wa Lukuga

Mtaani Kataki, hapa Kalemie, Arlette anajulikana kwa mshono wake. Begi lililotoka mikononi mwake unaweza kuliburuta hadi Manono lisichanike. Kwa hiyo wageni wanaokuja kutazama ndege walipoanza kumwomba machela za safari ya mtumbwi, vile vitanda vya kitambaa vinavyofungwa kati ya miti miwili, alishona ya kwanza kwa mishono miwili miwili, akaizungushia chandarua cha kufungwa kwa zipu. Kisha akamwambia mume wake Toussaint, "Siuzi kitu sijalala ndani yake."

Toussaint kazi yake ni kutengeneza simu, lakini alikulia majini. Asubuhi waliyoondoka, yeye ndiye aliyepanga mizigo. Dumu la maji na sufuria viliwekwa katikati, chini kabisa, ili mtumbwi usiyumbe. Unga na nguo kavu vikaingia kwenye mifuko ya plastiki. Kisu na panga vikafungwa ndani ya gunia visije vikatoboa kitu. Machela mbili na turubai vikakaa juu ya vyote.

"Kitu cha kwanza kutoka njo cha mwisho kuingia," alisema. "Mvua haitakungojea upekue."

Wakaacha ziwa nyuma yao, wakashuka na mto Lukuga. Jua lilikuwa zuri. Arlette alipiga kafi mbele, Toussaint akasimama nyuma na upondo wake mrefu, akiusukuma mtumbwi na kuimba nyimbo za kwaya kwa sauti mbaya makusudi ili mke wake acheke.

Penye kijiji kidogo cha mwisho walikuta wanawake wakitoa mihogo iliyolowekwa. Walitaka kujua ule mzigo wa rangi ya majani ni nini, na Arlette akaukunjua kwa fahari. Mama mmoja mnene, aliyejitaja kwa jina la Mama Pascasie, alicheka hadi akakaa chini.

"Mama, hii njo kipoyi! Wakubwa wa zamani walibebwa ndani ya kitu kama hii. Babu zetu chini, mti mabegani, mupaka wengine wakafia njiani. Sasa wewe, nani atakubeba?"

"Miti itanibeba, Mama."

"Miti ya wapi?"

Arlette akaonyesha kwa kidole kule mto ulikokuwa ukielekea. Mama Pascasie aliacha kucheka. Wanawake wote waliinama wakarudia mihogo yao, kana kwamba mtumbwi ulikuwa umeshaondoka.

Mvua iliwakamata mchana, bado mapema. Wingu lilishuka likafunika mto, na mchana ukawa mweusi kama ndani ya chungu. Walipogusa ukingo, Toussaint alifurahi: miti miwili iliyonyooka, umbali uleule uliohitajika, na kati yake ardhi tupu. Hakukuwa na jani hata moja. Udongo ulikuwa mgumu na uliosawazika, kama njia inayokanyagwa kila siku.

Wakatandaza turubai juu kama paa. Toussaint akafunga machela ya Arlette, kisha akafunga kipande cha kitambaa kwenye kila kamba, ili maji ya mvua yadondokee hapo yasitambae hadi kitandani. Arlette alitanguliza blanketi chini, kwa sababu ndani ya machela baridi humkuta mtu mgongoni.

"Ingia wewe," Toussaint alisema. "Nafunga mtumbwi vizuri, kisha nafunga ya kwangu." Akamvutia zipu kwa nje, kuzuia mbu. Arlette alimwona akikimbilia majini, shati limemganda mgongoni.

Joto la blanketi na mlio wa mvua vikamchukua. Akalala.

Kilichomwamsha ni kuyumba. Upepo, alifikiri. Lakini machela haikuyumba upande na upande. Iliinama kidogo, ikainuka. Ikainama, ikainuka. Na matawi yaliyoonekana kupitia chandarua yalikuwa yakipita juu yake, moja baada ya jingine, kuelekea miguuni.

Turubai halikuwepo tena. Mvua ilikuwa ikimpiga usoni.

Arlette alibana pumzi. Chini yake alisikia nyayo. Nyayo nyingi, peku, zikikanyaga matope kwa pamoja.

"Muzito," sauti ilinong'ona upande wa miguu.

"Vumilia, ndugu," nyingine ikajibu.

Upande wa kichwa kulikuwa na mtu anayehema. Alihema tu, kwa shida, na kila pumzi ilikwama kidogo mwishoni. Pumzi ile Arlette aliijua. Ndiyo iliyomlalia shingoni tangu aolewe.

"Toussaint?"

"Nyamaza," mume wake alinong'ona. "Ukisema, unazidi kuwa muzito."

"Unanipeleka wapi?"

"Wanasema tunakaribia."

"Wapi?"

Nyayo. Kisha Toussaint akasema, taratibu, kama mtu aliyelala: "Hawajui."

Arlette alishika zipu. Haikusogea. Alipiga kelele, akawaomba wamshushe, akawaapia kwa jina la Bikira Maria. Hawakusimama. Waliongeza mwendo, kama watu waliozoea kusikia mzigo ukilia.

Kisu kilikuwa ndani ya gunia, mtumbwini. Alivuta kitambaa kwa kucha, akakipiga kwa magoti. Hakikuchanika. Mishono miwili miwili. Aliyemfungia humo ni yeye mwenyewe.

Kisha akakumbuka. Pale miguuni, uzi ulikuwa umemwishia. Alimalizia kwa mshono mmoja tu, akisema atarudia kesho yake, akasahau. Akajikunja kama mtoto tumboni, kichwa kikaenda kwenye miguu. Akatafuta uzi kwa ulimi. Akauma. Akauma tena. Mdomo ukajaa ladha ya damu.

Uzi ukakatika.

Alianguka matopeni. Machela ilimpita juu ya kichwa, ikaendelea mbele bila yeye. Ilikuwa imetungikwa kwenye upondo wa mtumbwi wao. Ncha moja ya upondo ilikaa begani kwa Toussaint, aliyetembea ameinamisha kichwa, macho yamefumba.

Ncha ya pili ilielea hewani, kwenye kimo cha bega. Chini yake, alama za miguu zilikuwa zikijichora matopeni.

Alimkimbilia, akamvuta mkono. Mkono ulikuwa mgumu kama mti. Alimwita. Hakusikia. Mbele yao hapakuwa na njia, ila matete, na nyuma ya matete sauti ya maji mengi.

Arlette hakujua aliyemtia maneno kinywani. Alikimbia akawazunguka, akasimama mbele yao. Akasema kama anavyosema mwenye nyumba kwa watu waliomletea mzigo kutoka mbali:

"Poleni, baba zangu. Poleni sana na kazi. Mumefika. Mutue."

Nyayo zikasimama.

Upondo ukashuka polepole, ukalazwa chini kwa uangalifu. Kisha pande zote, kwenye matete, nyuma ya miti, karibu kabisa na sikio lake, watu walishusha pumzi. Si wawili. Si wanne. Walikuwa wengi.

Toussaint akaanguka kifudifudi.

Namna walivyofika mtumbwini hawakumbuki vizuri. Waliacha machela, turubai, kila kitu, wakapanda mto kwa kafi moja hadi kijiji cha wenye mihogo. Mama Pascasie aliwapa moto na uji.

Karibu na ule moto ndipo Toussaint alipozungumza. Alikuwa akifunga mtumbwi, alisema, mtu akamwita kwa adabu kutoka ndani ya mvua: "Ndugu, nisaidie kidogo." Akajibu ndiyo. Nani angekataa? Akauchukua upondo, akaweka bega.

Waliporudi Kalemie, daktari alimvua shati akalibonyeza bega la kulia. Lilikuwa na sugu nene ya kijivu, iliyopasuka pasuka kama kisigino.

"Papa, ulibeba mizigo miaka mingapi?"

"Mimi natengeneza simu, docta."

Daktari alimtazama, akacheka kidogo, akadhani ni utani.

Sasa Toussaint anakula vizuri. Anafanya kazi, anaimba kwaya. Arlette anashona mabegi tu. Jumapili iliyopita, kabla ya misa, alikuwa akimpaka mume wake mafuta mgongoni. Sugu ya bega la kulia ilikuwa imeanza kulainika, akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Mkono ukateleza hadi bega la kushoto.

Ukasimama hapo. Ngozi ilikuwa ngumu, na bado ilikuwa na joto, kama ya mtu aliyetoka kutua mzigo.