Mama wa Kisiwani Aligeuza Mgongo

— Magloire, ule mama anakukimbia juu ya nini?

Mwanamke mzee alikuwa ametua beseni lake la samaki, akatoka njiani, akatupa mgongo na kujifunika kitenge usoni. Sisi ndiyo kwanza tushuke mtumbwini.

Safari hii niliipanga mimi. Jumamosi tunafunga ndoa, nikasema tutoroke kelele za Likasi siku moja, tule samaki kwenye kijiji hiki kitulivu, kisiwani, ndani ya ziwa Tshangalele. Magloire alikataa wiki nzima. Mara mbu, mara mawimbi, mara tumbo linamuuma. Mwishowe akaja, kofia imeshuka hadi puani. Mimi mjinga nikadhani ni jua.

— Bantu ba hapa bako na haya, chérie.

— Ile ni haya ya mama bukwe, Magloire.

Kwetu hata mtoto anajua. Mama hakutani uso kwa uso na mume wa binti yake, wala hamshiki mkono. Anampisha, anageuka.

— Estelle, unawaza mingi. Minye simuyue ule mama.

— Basi enda umupe mukono.

— Comment?

— Si humuyue? Ni mama tu kama bengine. Umusalimie, tuende tukule.

Akacheka kidogo, akasogea. Mkono ukanyanyuka, ukasimama hewani, ukarudi mfukoni. Mwanamume aliyemwambia padri bila kupepesa macho kwamba hajaoa, akashindwa kumpa bibi kizee mkono.

Bila kugeuka, yule mama akasema kwa upole:

— Bukwe, karibu. Bibi yako Germaine, mutoto yangu, alienda kuteka mayi. Ule ni dada yako unatuletea?

Magloire akaniangalia. Macho yake yalikuwa yananiomba niseme ndiyo.

Nilingoja hasira ije, haikuja. Nilingoja machozi, hata hayo hayakuja. Nikawa nawasikia tu samaki wakirukaruka kwenye beseni.

— Hapana, mama. Minye napita tu.

Nikarudi ziwani, nikapanda mtumbwi uleule. Hakunifuata. Alituma ujumbe: "Pardon Estelle. Ni mambo ya zamani. Ungoje tuzungumuze." Nikaufuta, nikapiga simu nyumbani.

— Allô, mama?

— Estelle! Fundi anauliza urefu wa robe ya ndoa, na weye uko unakula samaki!

— Mama, Magloire akikuya kwetu, usijifiche tena. Usitoke mu njia.

— Eh! Mutoto gani huyu? Nisimupishe bukwe yangu?

— Ni bukwe ya bengine, mama.

Nikamsikia akimwambia fundi, kwa sauti ya chini, akunje kitambaa. Mwenye mtumbwi akauliza kama tunamngoja yule bwana. Nikamwambia asukume.