Sekunde ya Nakiete

Saa nne kasoro asubuhi Msindikizaji, ile mashine ya kuruka, alimdaka mwalimu mmoja kutoka Moshi akiwa angani, mita mia mbili na arobaini juu ya paa za jiji la Mazinde. Alimdaka kwa ustadi wake wa kila siku. Alishuka ubavuni kwa mwanamke yule kwa kasi ileile aliyokuwa akianguka nayo, akamzungushia mikono minne ya raba kiunoni na mapajani, kisha mapangaboi yake sita yakanguruma, mwendo ukapungua taratibu mpaka wote wawili wakasimama hewani. Kule juu, kwenye ukingo wa jabali la Irente, watazamaji walipiga makofi na vigelegele. Ubao wa taa ukaandika kwa herufi za kijani: MWANAMICHEZO AMEOKOLEWA.

"Nilikuwa nafungua!" mwalimu alipiga kelele alipopandishwa ukingoni. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Jamani, mkono ulikuwa kwenye kamba! Nilikuwa nafungua!"

Watu wakaangua kicheko. Kila aliyewahi kudakwa Irente husema hivyohivyo, kwamba alikuwa anafungua, na vijana wa pale walishawatungia wote jina moja, Barafu, kwa kuwa waliganda hewani.

Injinia Nakiete Mbwambo hakucheka. Alikuwa ofisini kwake, chumba cha vioo kilichojengwa hatua thelathini kutoka ukingoni, akisikia kila kitu, chai yake ya tangawizi imepoa mbele yake. Miaka hamsini na saba ilikuwa imemkalia mabegani. Ni yeye aliyemtengeneza Msindikizaji, miaka tisa iliyopita, na tangu hapo hakuna mtu aliyekufa Irente. Kabla ya hapo walikuwa wakifa wanne, watano, kila mwaka. Kwa kazi hiyo alipewa nishani, akapewa na barabara yenye jina lake kule chini, katikati ya mashamba ya vioo vya jua yaliyochukua nafasi ya mkonge. Ungedhani mtu wa namna hiyo analala usingizi mzuri. We acha tu.

Mchezo wenyewe ni kuchelewa. Mrukaji huvaa vazi lenye mabawa, hujitupa kutoka ukingoni, na anayefungua mwavuli akiwa chini kuliko wenzake ndiye mshindi. Msindikizaji huruka kando yake akipiga hesabu upya kila mara: uzito wa mtu, upepo, kasi, mita zilizobaki. Akiona kwamba ukipita muda huu hata mwavuli hautasaidia, humdaka. Ndivyo kitabu cha maelezo kinavyosema, na ndivyo Nakiete alivyoieleza kamati.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakulieleza. Wakati wa majaribio gunia la mchanga lilimponyoka Msindikizaji likapasuka juu ya paa, na Nakiete, aliyekuwa akilitazama kwa darubini, aliona mtu. Wiki nzima hakugusa nyama. Basi akaongeza sekunde moja kwenye hesabu, kama mpishi anavyoongeza maji kwenye maharage asiyoyaamini, asimwambie yeyote. Tangu siku hiyo Msindikizaji anadaka sekunde moja kabla ya lazima. Sekunde moja, kwa mtu anayeanguka, ni mita hamsini.

Glavu za warukaji hurekodi kila kitu ambacho vidole vinagusa, na mwenye ruhusa ya kuzifungua kumbukumbu hizo alikuwa Nakiete peke yake. Ya mwalimu ilikuwa tayari kwenye skrini, kitaa chake kikiwaka na kuzima. Nakiete aliiangalia, asiifungue. Alishawahi kufungua moja tu, miaka mitatu iliyopita, ikamtosha.

Mlango ukagongwa.

"Hodi hapa."

"Karibu, Kaduri."

Aliyeingia alikuwa Kaduri Shekigenda, fundi wa vioo vya jua, mwanaume wa miaka thelathini na minne, aliyekuwa mrukaji bora kuliko wote Usambara mpaka siku aliyodakwa. Glavu ile ya miaka mitatu iliyopita ilikuwa yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Naona umekuja na karatasi yako."

"Ya tisa hii." Akaiweka mezani na kuinyoosha kwa kiganja. Yalikuwa maombi ya kuruka bila Msindikizaji. Sheria ilimpa injinia peke yake ruhusa ya kuyatia sahihi, na mara nane Nakiete alikuwa amekataa.

"Na nikikataa tena?"

"Nakwenda Upare, kule alikokwenda Salehe. Begi langu liko hapo nje."

Nakiete alifumba macho. Salehe Kupaza naye alidakwa Irente, akaitwa Barafu, akashindwa kuvumilia. Akaenda kuruka kwenye jabali lisilo na mashine wala mtu wa kupima upepo, na upepo ukambamiza kwenye mwamba. Nakiete alikwenda msibani. Mama yake Salehe alimshika mkono mbele ya wanawake wenzake, akamuuliza, "Kwa hiyo mwanangu alikuwa mwoga?" Naye akajibu, kwa upole kabisa, "Mama, kila mtu huogopa."

"Salehe alikufa kule," alisema sasa.

"Najua. Nilibeba jeneza lake."

"Mnatafuta nini, Kaduri? Hebu nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu, maana nimechoka. Miaka tisa nawadaka, na nyie miaka tisa mnaniletea karatasi niwaachie mfe. Mnapenda kufa?"

Kaduri alicheka kidogo, bila furaha. "Naogopa kufa kuliko wewe, mama. Ningekuwa siogopi nisingekagua mishono ya mwavuli mara tatu tatu."

"Sasa?"

"Asubuhi kitanda ndicho kinachoamua niamke saa ngapi. Gari linanipeleka lenyewe. Kazini roboti inapanda juu ya vioo, mimi nabonyeza kwamba nimekubali. Jana friji imeninyima soda, eti sukari yangu imepanda. Siku nzima hakuna ninachoweza kukosea, mama. Nikikosea, kuna kitu kinarekebisha kabla hata sijajua. Ila pale chini kuna sekunde tano. Nikikosea nimekosea mimi, nikipatia nimepatia mimi. Kifo sikitaki hata kidogo. Lakini mkikiondoa kabisa, zile sekunde nazo zinaondoka nacho."

"Na Rukia nyumbani anasemaje?"

"Rukia amechoka kuishi na Barafu." Alijipangusa uso kwa mkono. "Nakumbuka mkono wangu ukienda kwenye kamba. Halafu nakumbuka mikono ya raba. Katikati hapo sijui. Watu wamesema niliganda mpaka na mimi nimeamini. Namfundisha mtoto baiskeli, nashindwa kumwachia, namshikilia tu kiti mpaka analia. Nataka kujua kama huu mkono ni wangu. Basi."

Nakiete alikisogeza kando kikombe chake.

"Halafu hilo jina la Msindikizaji mlikosea," Kaduri aliongeza. "Mgeni akiondoka kwetu tunamsindikiza mpaka njiapanda, tunaagana, tunarudi. Huyu wako harudi. Huyu ni askari."

Nje mwalimu wa Moshi alikuwa bado anabishana na vijana, sauti imemkauka. Nakiete alimsikia akisema tena kwamba alikuwa anafungua. Kitu ndani ya injinia, kilichokuwa kimekaza kwa miaka mitatu, kikachoka kukaza.

"Kaa chini," alisema.

"Nimekaa, mama."

"Enhe. Basi kaa hivyohivyo."

Akamgeuzia skrini na kumfungulia kumbukumbu. Ilikuwa picha ya mkono wa kulia, umechorwa kwa nukta za buluu. Vidole vilikwenda kwenye kishikio cha kamba, vikakishika, vikaanza kuvuta. Kamba ilikuwa imetoka sentimita mbili pale picha nzima ilipotikisika na kuzimika.

"Hapo ndipo alipokudaka," Nakiete alisema. "Hukuganda. Ulikuwa unafungua."

"Mwavuli ungefunguka?"

"Ungefunguka, na mita sitini zingebaki." Akamweleza habari za gunia na sekunde aliyoiongeza, yote, bila kupamba.

"Ulijua lini?"

"Jioni ileile."

"Mama!"

"Niliogopa. Ningesema, wangeitoa ile sekunde. Halafu siku moja mtu angekufa, mmoja tu, na mimi ningemwona kila nikilala. Niliona heri watu arobaini waitwe Barafu. Nilijiambia ni utani tu wa vijana."

Kaduri alikigeuza kiganja chake akakitazama muda mrefu. Alilia bila sauti, na hakujificha. "Ningekutukana," alisema mwishowe, "lakini sina nguvu."

"Sasa umeshajua. Nenda nyumbani, mwanangu. Nakupa na picha ukamwonyeshe Rukia. Huna tena sababu ya kuruka." Alisema hivyo kwa matumaini makubwa, kwa kuwa alikuwa ametoa siri yake yote ili mtu huyu abaki hai, na aliamini inatosha.

"Hiyo ni skrini yako, mama." Kaduri alitikisa kichwa. "Miaka mitatu mashine inaniambia niliganda, leo mashine inaniambia sikuganda. Mimi mwenyewe bado sijaambiwa kitu. Tia sahihi."

Nakiete alitia sahihi. Kisha akamzima Msindikizaji kwenye kizimba chake, mapangaboi yote sita, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana wa siku ya mchezo. Wakatoka pamoja, Kaduri akavaa vazi lake la mabawa na mwavuli, na Nakiete akaichukua kofia yake ngumu yenye redio kutoka juu ya begi, akaibeba mwenyewe. Watazamaji waliwapisha njia. Walitembea taratibu, hatua thelathini, kama watu wenye safari ndefu. Kwenye mstari wa njano Nakiete alisimama.

"Mimi naishia hapa."

"Asante kwa kunisindikiza, mama."

"Ukifika useme."

"Nitasema."

Akampa kofia, akageuka. Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya. Nyuma yake alisikia watu wakivuta pumzi kwa pamoja, akajua Kaduri ameshajitupa. Hakugeuka. Aliingia ofisini, akazima skrini, akashika kikombe cha chai baridi kwa mikono miwili na kuanza kuhesabu. Alipofika ishirini aliliona lile gunia. Alipofika thelathini aliacha kuhesabu, kwa sababu hesabu zilikuwa zimekwisha na mtu alikuwa ama yuko ama hayuko.

Redio ilikoroma.

"Mama." Alikuwa anahema. "Mama, nimefika."

"Haya, mwanangu," Nakiete alisema. "Haya."

Kule nje shangwe zililipuka. Yeye furaha haikumjia. Alikuwa amechoka tu, uchovu wa mtu aliyetua mzigo mmoja akakumbuka mingine iko bado njiani. Akawasha skrini, akaanza kufungua glavu moja baada ya nyingine, kama alivyopaswa kufanya tangu zamani. Wapo walioganda kweli, na hao Msindikizaji aliwapa maisha, Nakiete aliwahesabu tisa. Mwalimu wa Moshi alikuwa ameshika kamba. Kijana wa Korogwe alikuwa ameshika kamba. Akashuka hivyo kwenye orodha mpaka akafika jina alilokuwa akiliruka, akafungua.

Vidole vya Salehe Kupaza vilikuwa vimeishika kamba sawasawa. Alikuwa ameivuta zaidi kuliko hata Kaduri.

Nakiete alikaa mpaka ubaridi wa kikombe ukaingia kwenye mifupa ya mikono. Halafu akapiga simu. Iliita muda mrefu, akatamani isipokelewe.

"Haloo," ilisema sauti ya mwanamke mzee, taratibu. "Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, Nakiete. Wa Irente. Mama Salehe, uliniuliza swali pale msibani. Nilikujibu vibaya."