Maji Matamu ya Sinki la Zena

Kama kuna mtu kati ya Masasi na Newala anayejua kuzibua sinki kunishinda mimi, basi kazaliwa juzi na bado anatambaa. Niliishia la saba, na hiyo la saba yenyewe nilikaa dawati la nyuma, lakini bomba nalijua. Naweka sikio ukutani nakwambia uchafu umekaa wapi, kama ni mafuta, kama ni mchanga wa kusugulia masufuria, kama ni nywele za mama mwenye nyumba. Nasema mapema, ili tukifika mbele usidhani nilikuwa mwanagenzi niliyetishwa na hewa ndani ya bomba.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Jumanne, mwezi wa tisa, jua la Masasi linachoma mpaka majabali yanameremeta. Nilikuwa nakula chapati pale stendi, simu ikaita. Bi Mwanakombo, mama mkwe wa mdogo wangu Zena, anapiga kutoka Newala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe si ndiye unayejisifia mabomba? Panda gari uje. Sinki la jikoni limeziba tangu tumzike mwanangu. Ulifungue mbele ya macho yangu, tuone mdogo wako kaficha nini humo."

Akakata. Nikaacha chapati nusu, nikatafuta gari.

Mwanawe huyo ni Mujibu, mume wa Zena. Alishikwa na homa siku tatu, ya nne akafa. Mimi nilikuwa na kazi Nachingwea, nikafika Newala kaburi limeshafukiwa. Siku ninayoisimulia ilikuwa ya thelathini na nane tangu mazishi. Keshokutwa yake ni arobaini, ukoo mzima unakuja. Nikaelewa hesabu ya yule mama. Kikitoka kitu kwenye lile bomba, hirizi, kucha, kitambaa chenye mafundo, Zena angetolewa mbele ya ukoo na mwanawe Shamila mkononi, na jina la mchawi mgongoni. Ukishaitwa hivyo kule juu Newala, hata moto wa kuwashia jiko hupewi.

Sasa nikwambie ukweli, maana mimi si malaika. Njiani, gari likipanda ule mlima, nilishapanga. Nina mikono myepesi. Nikikuta hirizi, nitaificha kiganjani nao watabaki wanatazama uchafu. Ndugu ni ndugu.

Nyumba ya marehemu ni nzuri. Vigae sakafuni, vigae ukutani, bafu la ndani, sinki la kauri jikoni. Aliyesimamia ujenzi ni mdogo wake Mujibu, anaitwa Uwesu, mtu anayependa vigae kuliko anavyopenda watu. Ukiingia na ndala anakutazama miguu. Lakini hiyo ndiyo Newala. Nyumba ina koki tano, na maji yanakuja kwa madumu juu ya bodaboda. Kile kisima chao cha saruji cha kukinga mvua kilishakauka tangu mwezi wa saba. Koki za ndani huwa wanaziacha wazi usiku na mchana, ili maji ya bomba yakija yasiwapite wamelala. Na maji yakishapatikana hayamwagwi. Ya kuoshea vyombo yanakwenda chooni, ya kufulia yanakwenda kwenye mpapai.

Hapo shaka yangu ya kwanza ikaanza. Nyumba isiyomwaga maji, sinki linazibwa na nini?

Bi Mwanakombo alinikaribisha chai. Nikasifia, kwa adabu.

"Maji ndiyo matamu, Mjomba wa Shamila," akasema. "Hayana chumvi kabisa. Sinki lilipoziba, Mungu akatupa heri yake. Bomba linatoa usiku, sinki linajaa, alfajiri nachota ndoo nzima. Uchawi wake uko chini bombani, maji haya ni ya koki. Sinunui maji mwezi huu."

Nikanywa. Ilikuwa tamu kweli. Ila nyuma ya utamu kulikuwa na harufu fulani, ya ubaridi, ikapanda puani. Nikadhani iliki imekaa sana kabatini. Nikaongeza kikombe cha pili.

Zena alikuwa ndani, yumo edani, kajifunika. Kakonda. Alinisalimia, akangoja mama mkwe atoke, akanisogelea sikioni.

"Kaka. Ukikuta kitu humo usikitoe mbele ya mama. Nakuomba."

"Kitu gani?"

"Usikitoe tu."

Nikamtazama mdogo wangu wa tumbo moja. Akakwepa macho.

Nilitoka pale nimepoa. Kuficha hirizi ya kusingiziwa ni jambo moja. Hii sasa ilikuwa kama naombwa na mwenye hirizi.

Tukaingia jikoni baada ya sala ya adhuhuri, jua limejaa dirishani. Bi Mwanakombo akavuta kigoda akakaa mlangoni. Uwesu akasimama nyuma yake, mikono mfukoni.

"Nieleze, mama," nikasema. "Kwa nini unamshuku Zena?"

"Siku ya pili baada ya mazishi niliamka kabla ya adhana. Nikamkuta kainamia sinki, mdomo karibu na tundu. Anaongea nalo. Anasema, nisamehe, nisamehe. Mtu anaomba msamaha kwenye tundu la maji machafu, wewe ulishaona wapi? Na sinki lilikuwa limeziba tangu jana yake."

Zena alikuwa nyuma ya pazia. Anasikia kila neno.

Nikageukia sinki. Limejaa mpaka ukingoni. Maji meupe, safi, yametulia. Fundi wa kweli anajua, sinki lililoziba mwezi mzima lina utando wa mafuta na linanuka. Hili lilikuwa safi kama bakuli la kunawia wageni.

Koki ilikuwa wazi, kama kawaida yao. Nikaweka kidole chini yake. Kikavu. Nikaenda nje kwenye mita. Ilikuwa imesimama, na buibui kajenga kati ya kioo na ukuta. Nikafungua nati ya bomba linaloingia nyumbani. Likatoka vumbi jekundu.

Nikarudi jikoni.

"Mama, maji ya bomba hayajaingia nyumba hii kwa wiki nyingi."

"Usiniletee ufundi wako wa Masasi. Haya hapa ni nini?"

Nikavuta mfuko wangu wa vifaa.

Nikapiga magoti. Chini ya sinki lipo lile bomba lililopindwa, mafundi tunaliita trapu, ndipo uchafu unapokaa. Nikaweka ndoo chini yake. Nikashika spana. Nikawaambia wasogee, maji yatamwagika.

Nikafungua.

Hakikumwagika kitu.

Trapu ilikuwa kavu. Ndani yake mna vumbi na maganda mawili ya mende. Nikawasha tochi ya simu, nikamulika juu kwenye tundu la sinki. Hakuna kizibo. Hakuna tambara. Niliyaona maji kwa chini, yamesimama penye tundu kama kioo. Yametulia. Hayadondoki.

Nikaona kioo kile kinapanda kidogo. Kinashuka. Kinapanda.

Kama kifua.

Nilitaka kuondoka. Nakwambia bila aibu. Lakini Bi Mwanakombo alikuwa mlangoni, na ningeondoka angesema nimeiona hirizi ya mdogo wangu nikakimbia. Basi nikachukua waya wangu, nikauingiza kwenye bomba linaloelekea ukutani. Ukaenda hatua mbili. Ukagota. Kitu laini. Nikazungusha, nikavuta.

Ikatoka pamba.

Nyeupe. Kavu. Imevingirishwa vizuri kwa vidole vya mtu. Na ile harufu ya chai ikajaa jikoni yote. Safari hii niliitambua. Haikuwa iliki.

Ilikuwa kafuri, ya maiti.

Ile mikono yangu myepesi ilisahau kazi yake. Pamba ilikuwa juu ya vigae, kila mtu anaiona.

"Haya!" Bi Mwanakombo akasimama, kigoda kikaanguka. "Haya sasa! Dawa hiyo! Uwesu, mwanangu, unaona? Kamuua ndugu yako kwa pamba! Mtoe nje, mtoe sasa hivi na mwanawe!"

Uwesu hakusogea. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu. Na Uwesu, nilikuwa nimeambiwa, alikuwa mmoja wa watu watatu waliomwosha Mujibu.

Nikazungusha waya tena. Pamba ya pili. Ya tatu. Kila moja imevingirishwa sawasawa na ya kwanza. Nikaweka waya chini.

"Uwesu," nikasema polepole. "Ndugu yako mlimwoshea wapi?"

"Bafuni."

"Ufuo mlichimba wapi?"

Akatazama vigae.

Msomaji, pengine kwenu mmeacha, lakini kwetu maiti akioshwa linachimbwa shimo, linaitwa ufuo. Maji yale yanaingia ardhini palepale, yanafukiwa, mtu asiyakanyage, mnyama asiyanywe. Hayaendi na maji ya vyombo.

"Uwesu. Nimekuuliza."

"Vigae vilikuwa vipya," akanong'ona. "Tungevunja bafu zima. Nikasema yaende tu kwenye bomba. Ni maji tu."

Na bomba la bafu lile linapita chini ya jiko. Linaungana na la sinki.

Nilimwona Bi Mwanakombo akihesabu. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Alfajiri thelathini na nane. Uji. Chai. Maji ya kutawadhia. Akageuka akaitazama birika, akashika ukingo wa mlango.

Hapo pazia likasogea. Zena akatoka, kajifunika, analia.

"Nilimsihi shemeji siku ile ya kuosha, kupitia mlangoni, wachimbe ufuo. Akaniambia nikae edani, niache mambo ya wanaume. Nikaenda kumwomba mume wangu msamaha, sina pengine pa kumwombea. Ndoo ya kwanza ulishaichota jana yake, mama. Umeshapika. Ningekwambiaje?"

Kumbe lile ombi lake la sikioni lilikuwa la kumsitiri yule yule anayetaka kumfukuza. Nami nilikuwa nimemshuku mdogo wangu, vikombe viwili vya ile chai vikiwa tumboni.

"Leta tindo na nyundo," nikamwambia Uwesu. "Na jembe."

Hakubisha. Nikavunja vigae vya bafu mwenyewe, vile vya bei, na kila kimoja nilikivunja kwa moyo safi. Uwesu akachimba. Chini ya saruji mchanga ulikuwa mwekundu, mkavu, kama haujawahi kusikia habari ya mvua. Magotini. Mapajani. Nikalikata bomba, nikaelekeza mdomo wake shimoni.

Tukangoja.

Kutoka jikoni ikaja sauti. Mkoromo mrefu wa sinki linalomeza. Nimeusikia mara elfu katika kazi hii na huwa unanifurahisha. Ule haukuisha. Uliendelea, uliendelea, halafu ukakatika katikati kama mtu aliyeita jina akazibwa mdomo.

Bombani hakikupita kitu. Lakini mchanga ndani ya shimo ukaanza kulowa, kutoka chini kuja juu, ukalowa mpaka kimo cha goti. Kisha ukakauka palepale mbele ya macho yetu.

Tukazitia zile pamba. Tukafukia. Uwesu akasoma dua, nasi tukaitikia.

Bi Mwanakombo alikaa chini sakafuni, akamwita Zena.

"Mama Shamila. Njoo hapa."

Akamshika mikono yote miwili. Siku ya arobaini, mbele ya ukoo mzima, alimkalisha kando yake kwenye mkeka, na shangazi mmoja alipoanza kunong'ona habari za sinki, alimwambia afunge mdomo wake ale ubwabwa. Zena yumo nyumbani kwake mpaka leo na hakuna wa kumtoa. Sinki linapitisha maji vizuri, yakiwepo. Kazi yangu haina mapungufu.

Ila kuna jambo.

Siku ile, maji yaliposhuka, alama zilibaki kwenye kauri ya sinki. Nyeupe, kama chaki. Nne, ndefu, zinatokea kwenye tundu kwenda juu, kama za vidole vya mtu aliyekuwa chini akishikilia asivutwe. Zena kasugua kwa majivu, kwa limau, kwa chuma cha kusugulia sufuria. Hazitoki. Na kwenye alama ya tatu pana sehemu haina weupe, mkanda mwembamba umezunguka, kama kidole kilikuwa na pete.

Mujibu hakuvaa pete hata siku ya ndoa yake. Katika nyumba ile mwenye pete ni mmoja, pete ya fedha, mkono wa kulia. Na saa ile maji yanashuka, mwenyewe alikuwa bafuni kando yangu, kashika jembe. Nilimwona kwa macho yangu haya.

Ijumaa iliyopita Uwesu alishuka Masasi kwa mambo ya korosho. Tukakutana sokoni, mchana, watu wamejaa. Akanichangamkia, akanipa mkono.

Mkono wa kushoto.

Mtu mzima, Mwislamu, anayejua adabu, ananipa mkono wa kushoto mbele za watu. Nikaupokea. Wa kulia ulikuwa mfukoni, hakuutoa mpaka tukaagana. Mvua haijanyesha Masasi tangu mwezi wa tano, na jua siku ile lilikuwa la kukaanga yai.

Mfuko ule wa suruali ulikuwa umelowa, na ulikuwa unadondosha maji.