Jina la Kumi na Mbili

Majina yalikuwa kumi na moja. Jescah aliyajua yote bila kuangalia, kwa sababu kila siku baada ya chakula cha mchana, mtoto akilala, yeye ndiye aliyemsomea mumewe: khwisero, likuyani, lumakanda, matungu, na mengine mpaka la mwisho. Sylvanus naye aliweka alama kwenye daftari. Ilikuwa kazi ya dakika mbili, lakini Jescah aliipenda kuliko kazi zote za siku. Shule yake iliishia darasa la nane, na hapo ndipo mahali pekee alipokaa bega kwa bega na mumewe mbele ya kompyuta ile akajiona ana msaada.

Sylvanus alifanyia kazi nyumbani, katika vyumba viwili walivyopanga huko Lurambi. Alitunza programu za chama kimoja cha wakulima wa mahindi. Kila ghala la chama lilikuwa na programu yake, na kila programu ilifungiwa ndani ya kontena lake.

"Si kontena la chuma," alimweleza Jescah walipooana. "Ni kama mikebe yako ya jikoni. Sukari na chumvi ziko rafu moja, lakini hazichanganyiki."

Alipotaka kuona mikebe inayofanya kazi aliandika maneno mawili tu, docker ps, na kompyuta ikapanga orodha: jina la kila kontena, lini liliundwa, na limekuwa macho kwa muda gani.

Jumatatu moja, mvua ya saa tisa ikiwa ndiyo imeanza kugonga mabati, Jescah alisoma mpaka la kumi na moja, kisha akanyamaza.

"Endelea," Sylvanus akasema.

"Kuna lingine."

"Lipi? Si yameisha?"

"Nadia."

Kalamu ya Sylvanus ikasimama. Jina lilikuwa pale chini kabisa, kwa herufi ndogo kama yale mengine. Lakini yale kumi na moja yalikuwa majina ya mahali. Hili lilikuwa la mtu, tena la mwanamke.

"Nadia ni nani?" Jescah aliuliza polepole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu anachojua hatakinunua.

"Sijui. Labda wale vijana wa ofisini wanajaribu kitu."

"Wanajaribu kitu kinaitwa Nadia."

"Haki Jes, usianze."

Akalifuta. Akaorodhesha upya, yakawa kumi na moja. Lakini kabla halijafutwa, Jescah alikuwa ameshaisoma safu ya pembeni: limeundwa miaka mitatu iliyopita. Kompyuta yenyewe ilikuwa na umri wa mwaka mmoja. Yeye na Sylvanus walikuwa wamejuana miaka miwili. Miaka mitatu iliyopita Sylvanus alikuwa akiishi Mumias peke yake, na mambo ya Mumias hakupenda kuyazungumza.

Kesho yake jina lilikuwa limerudi. Keshokutwa pia. Mara ya nne Sylvanus aliliangalia, akaondoa mkono kwenye kibodi, akasema, "Wacha likae. Haliharibu kitu."

Hapo ndipo Jescah alipoumia. Hukuwa na haja ya kusoma sana ili ujue kwamba mwanamume anayesema "wacha akae" ameshazoea.

Jescah alipekua simu ya mumewe, mwenyewe akiwa anaoga. Hakukuwa na Nadia. Alinusa mashati yake, na mashati yalinukia sukari guru, ile harufu nzito ya maji ya miwa yanayochemshwa kwenye masufuria makubwa. Karibu nao hapakuwa na mtu anayepika sukari guru, na Sylvanus hakuwa ametoka nje kwa siku tatu. Akayafua, akayakunja, akayaweka kabatini. Jioni aliyakuta yamekunjwa upya, mikono imepishanishwa kifuani kama mtu anayejikumbatia.

"Umekunja mashati?"

"Mimi? Lini umeniona nikikunja nguo?"

Sylvanus alikuwa ameacha pia kula. Jescah alimsongea obusuma, ugali wa kwao, na mboga za kunde alizozipenda, naye alimega mara mbili, akasukuma sahani.

"Nimeshiba."

"Umeshibia wapi, baba mtoto?"

Sylvanus alikuwa akiitazama kompyuta, na pembeni ya mdomo wake kulikuwa na tabasamu dogo ambalo Jescah alilijua vizuri, kwa sababu zamani lilikuwa lake.

Kulikuwa na kiti cha plastiki ambacho kilikaa mlangoni. Siku hizo alikikuta kimesogezwa mezani, kando ya kile cha Sylvanus, mahali alipokaa yeye akisoma majina. Alikirudisha mlangoni. Kesho alikikuta tena mezani. Siku ya tatu alipokishika ili akirudishe, alikiachia haraka na kurudi nyuma, kwa maana ilikuwa alasiri ya mvua na baridi, Sylvanus alikuwa chooni, mtoto alikuwa mgongoni, na kile kiti kilikuwa na joto.

Mtoto alikuwa msichana wa wiki tano. Tangu jina lile litokee alilia kila mvua ilipoanza, na hakunyamaza mpaka mvua ikatike. Mama yake Sylvanus, Kageha, alipopata habari alipanda kutoka Maragoli na kuku kwapani.

"Kwani mnampa pilipili huyu?" alisema mlangoni, kabla hata ya salamu. "Mtoto analilia jina! Wiki tano mnamwita 'mtoto, mtoto,' kama mbuzi wa jirani. Lete hapa."

Ndivyo walivyofanya kwao tangu zamani. Mtoto akilia bila sababu, wakubwa humtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Kageha alimpakata, akaanza.

"Mmbone? Wewe ni Mmbone? Sio Mmbone. Vugutsa? Woi, Vugutsa alikuwa na hasira, sio wewe."

Mtoto alilia mpaka akawa mwekundu. Mvua nayo ilipiga mabati hata Kageha akalazimika kupaza sauti. Pale mezani Sylvanus alikuwa amewapa mgongo. Akaandika maneno yake mawili, na kwa sauti ya mtu aliyelala akaanza kusoma mwenyewe.

"Khwisero. Likuyani. Lumakanda."

Jescah aliruka. "Sylvanus, nyamaza."

"Matungu."

"Nimesema nyamaza!"

Hakuwahi kumpazia mumewe sauti mbele ya mama mkwe. Lakini Sylvanus hakusikia. Aliyasoma yote kumi na moja, bila haraka, kisha akavuta pumzi na kusema kwa upole, "Nadia."

Mtoto akanyamaza.

Alinyamaza ghafla, mdomo ukiwa bado wazi, akageuza shingo ambayo bado haikuwa na nguvu ya kugeuka, akaitazama kompyuta.

"Asante Mungu!" Kageha akapiga makofi. "Jina limepatikana. Nadia! Huyo ni nani wa kwetu? Wa upande wa baba yako? Haidhuru, amelikubali." Na kabla Jescah hajafungua mdomo, bibi alikuwa amemtemea mtoto mate ya baraka kwenye paji la uso, akamwita jina lile mara mbili.

Tangu saa ile mtoto alikataa ziwa la mama yake. Jescah alimweka kifuani, naye aligeuza uso. Alimkamulia maziwa kwenye kikombe, akayatema. Lakini hakukonda. Kila alasiri baada ya mvua mdomo wake mdogo ulinukia sukari guru, na Jescah alikaa ukingoni mwa kitanda maziwa yakimlowesha blauzi, akilia bila sauti, kwa kuwa sasa haikuwa tena habari ya mume. Huyo Nadia, yeyote aliyekuwa, alikuwa akimnyonyeshea mtoto.

Aliyemsaidia ni jirani, Asiya, mzaliwa wa Matungu. Aliingia kuomba chumvi, akasimama mlangoni, pua juu.

"Mama mtoto," alinong'ona, "hiyo harufu mnaisikianga siku ngapi?"

Jescah alimweleza yote. Asiya hakucheka. Alhamisi alirudi na mjomba wake, Maalim Swaleh wa Mumias, mzee mfupi mwenye viatu vya mpira vilivyojaa matope. Kageha alikuwa bado yupo.

"Asalaam aleikum. Viti vyenu ni vingapi?" Maalim aliuliza.

"Vinne."

"Basi mimi nitasimama. Kimoja kimekaliwa." Akamgeukia Sylvanus. "Kijana, ulipokaa kwetu Mumias, ulikaa na nani?"

"Peke yangu."

"Nimeuliza ulikaa na nani."

Sylvanus aliinamisha kichwa. Sauti ilipotoka ilikuwa ndogo. "Chumba changu kilikuwa nyuma ya mahali wanapika sukari guru. Kutwa nzima nafanya kazi, sisikii sauti ya mtu. Nikawa najifanya nina mke. Nikampa jina. Ilikuwa mchezo tu."

"Ulimpa kiti?"

"Ndiyo."

"Chai?"

"Kila saa tisa."

"Na kikombe chake kilibaki kimejaa?"

"Mwanzoni," akasema.

Kageha alishika kichwa kwa mikono miwili. Maalim alitikisa kichwa taratibu. "Ulimwita, ukamketisha, ukamlisha. Kisha ukaenda ukaoa, na hukumwambia neno. Huyu hakuja kuvunja nyumba ya mtu. Yeye anajua ndiye mke mkubwa, na huyu mama hapa ndiye aliyeingilia ndoa yake."

Jescah alihisi uso ukimchoma. Wiki zote hizo alikuwa amemwonea mtu wivu. Hakuwahi kufikiri kwamba naye alikuwa akionewa wivu.

"Jina lake litolewe nje, nilione," Maalim akasema.

Sylvanus alinyoosha mikono kwenye kibodi, lakini vidole vilikataa kukunjuka. Jescah alimsogeza. Hakuwahi kuandika hapo hata siku moja, ila alikuwa ametazama mikono ya mumewe tangu walipooana, na tahajia ilikuwa somo lake. Alijua kwamba orodha fupi huonyesha yaliyo macho tu; ukitaka na yaliyolala, lazima uongeze herufi moja. Alijua pia jinsi ya kuchuja, ili yabaki yale tu yenye jina unalotafuta. Kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, akaandika:

docker ps -a --filter name=nadia

Mistari miwili ikatokea. Wa kwanza ulikuwa nadia, macho kwa miaka mitatu. Wa pili hawakuwa wamewahi kuuona, kwa sababu haukuwa umeamka bado. Ulisema mtoto-wa-nadia, na uliundwa wiki sita zilizopita, siku ile ile, saa ile ile ambayo Jescah alijifungua.

"Mpe talaka," Maalim alisema haraka. "Mara tatu, kwa jina. Sasa hivi, kabla wa pili hajaamka."

Sylvanus akasema mara ya kwanza, na mvua ambayo haikuwa na wingu ikaangukia nyumba yao peke yake, akasema mara ya pili, na kile kiti kitupu kikakwaruza sakafu kikirudi nyuma, kikombe kikapasuka rafuni, harufu ya sukari guru ikawa harufu ya sukari inayoungua, ikawajaa puani na kooni mpaka Kageha akakohoa huku amemkumbatia mtoto, na mtoto akaanza kupiga kelele ambazo hazikuwa za mtoto, kelele za mwanamke mzima anayefukuzwa mchana mbele ya majirani, na Sylvanus badala ya kusema mara ya tatu akakitazama kile kiti kwa huruma, machozi yakimtoka, akiwa kama mtu anayetaka kuomba msamaha, mpaka Jescah, ambaye hata kanisani hakuwahi kushuhudia kwa aibu, akamshika shavu kwa nguvu, akamgeuza uso, akamwambia, "Mke wako ni mimi. Niangalie mimi. Sema."

Akasema.

Kimya kikaingia. Jescah akarudia amri ile ile. Kompyuta ilitoa vichwa vya safu, na chini yake hapakuwa na kitu.

Kageha aliita majina upya, kwa sauti ya kutetemeka, na mtoto akatulia kwa jina la Muhonja. Alipopewa ziwa alinyonya mpaka akalala.

Mwezi ukapita. Sylvanus alirudi kula, mashati yakanukia sabuni. Kila alasiri, kabla ya kusoma orodha, Jescah alichuja jina lile kwa mkono wake mwenyewe. Hapakuwa na kitu. Alianza hata kuimba akiosha vyombo.

Jumatatu moja mvua ilianza, na Muhonja akaanza kulia chumbani. Jescah alitoka jikoni akijifuta mikono. Sylvanus alikuwa ameshamimina chai mezani. Vikombe vilikuwa vitatu.

"Cha tatu cha nani?"

Sylvanus aliviangalia kama mtu aliyeamshwa. "Sijui. Mkono umezoea."

Jescah aliketi upesi, akachuja nadia. Hapakuwa na kitu. Akashusha pumzi, akatoa orodha nzima ili asome kama siku zote. Khwisero, likuyani, lumakanda. Sauti yake ilikuwa sawa mpaka la kumi na moja. Chini yake kulikuwa na la kumi na mbili.

jescah. Macho kwa miaka mitatu, umri ule ule wa Nadia.

Alilisoma tena, herufi kwa herufi, akitafuta kosa. Halikuwa na kosa.

"Sylvanus," akanong'ona. "Huyu ni nani?"

Mumewe aliinama, akasoma, na pembeni ya mdomo wake likaja lile tabasamu dogo.

"Jescah," akasema kwa upole. "Si ni wewe huyo?"

Chumbani, mtoto akanyamaza.