Kamba Iliyomwokoa Fundi

Ndugu zangu, jioni ile ilikuwa tulivu. Fundi cherehani alikuwa barazani akimalizia sare za shule, na mumewe, kinyozi, ametulia ndani mbele ya runinga. Mtaani walimwita Komandoo, maana hakukosa hata siku moja kipindi cha yule bwana anayeishi porini kwa kula mende.

Fundi akaingiza mkono kwenye rundo la vitambaa. Nyoka akamuuma kidole.

Jirani mwenye teksi aliposikia ukelele alikuwa keshawasha gari. "Mlete shemeji, twende hospitali."

"Hospitali ya nini?" Komandoo akacheka. "Hii nimeiona kwa macho yangu. Unakata, unanyonya, unafunga kamba. Asubuhi mtu anatembea."

"Baba watoto, nipeleke," fundi akasihi.

"Tulia, mke wangu. Uko na mtaalamu."

Akamchanja kwa wembe wa kazini. Akaufunga mkono kwa kamba ya kuanikia nguo, akaikaza kwa goti. Fundi aliposema hausikii tena mkono, mumewe alifurahi, akidhani dawa inafanya kazi. Kesho yake walipofika hospitali mkono ulikuwa mweusi kama kitako cha sufuria. Ukakatwa. Ndio uliokuwa ukishika mkasi.

"Sumu tungeitibu, dada," muuguzi alimwambia polepole. "Mkono umeuawa na kamba."

Mnadhani yaliishia hapo? Habari zikakifikia kituo cha runinga kinachorusha kile kipindi cha porini, wakaja na kamera. Walimtaka Komandoo aonyeshe alivyofunga, na kamba ikafungwa kwenye mkono wa msichana waliyekuja naye. Fundi akamuuliza mwongozaji kama yule bwana wa porini naye aliumwa kweli.

"Mama, nyoka wetu alishang'olewa meno. Na daktari anakaa nyuma ya kamera."

"Sasa mbona hamsemi?"

"Tukisema, nani atatazama?"

Kipindi kikarushwa. Ulionekana uso wa fundi, halafu mkono wa yule msichana, mzima, ukipunga. Chini yake waliandika: Mume Shujaa. Komandoo akaongeza sauti ili mtaa mzima usikie.

Asubuhi shoga yake fundi akaja mbio. "Mwambie shemeji anifundishe ile kamba. Mume wangu anashinda shambani, nyoka wamejaa."

Fundi akamnyanyulia kigutu mbele ya macho.

"Najua, shoga," yule mwanamke akasema kwa huruma. "Wewe ulichelewa tu kufungwa."

FUNZO

Wapendwa, kipindi cha kuburudisha si zahanati. Aliyeumwa na nyoka asikatwe, asinyonywe, asifungwe kamba. Mtulizeni, asiutikise mkono wala mguu, mkimbizeni hospitali. Nanyi wenye kamera, mwonyesheni na yule daktari aliyesimama nyuma yenu. Naamini tutawatazama bado. Na sisi watazamaji, kabla ya kuamini kioo, tumwangalie kwanza mtu aliyesimama mbele yetu.