Mwenye Pingamizi na Ajitokeze

Ijumaa, tarehe tisa Machi, saa kumi alasiri, tangazo la mahakama lilibandikwa kwenye mlango wa chumba kilichofungwa ndani ya nyumba ya marehemu, na tangu saa ile nyumba ikakosa amani.

Aliyelibandika ni binti yake mkubwa, fundi cherehani. Alikuwa ameiomba mahakama imteue msimamizi wa mirathi, ili akusanye mali ya baba yake, alipe madeni, kisha awagawie wadogo zake haki zao. Karani alimwagiza alibandike langoni, watu walione. Lango lilikuwa limelowa mvua, naye akabandika tangazo ndani, kwenye mlango ambao marehemu alikuwa ameufunga kwa miaka mingi bila kusema kwa nini. Tangazo lilimwita yeyote mwenye madai juu ya nyumba ile ajitokeze.

Gundi haijakauka, hodi ikabishwa. Kutoka ndani.

"Umesikia?" shangazi yake alinong'ona.

"Nimesikia."

"Basi futa kesi, tuhame. Miguu yangu imeshafika barabarani, mwili tu ndio umebaki."

Fundi hakuhama. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa sebuleni, cherehani ikawa inazunguka mchana kweupe bila mguu kwenye kanyagio, na kutoka nyuma ya mlango ule ikaja sauti ya marehemu, na kikohozi chake kile kile cha asubuhi, ikisema polepole, "Binti yangu, niachieni nyumba."

 Fundi akakumbuka: tangu utoto wake, baba hakuwahi kumwita hivyo. Alimwita Mama.

"Wewe si baba," akasema. "Kama una haki hapa, haidaiwi kwa kutisha yatima. Kesi ni Jumatatu. Njoo uape, kama nilivyoapa mimi."

"Unamwita jini mahakamani?" Shangazi alimshika mkono. "Mwanangu, una akili kweli?"

"Nimeshamwita, shangazi, kwa tangazo langu mwenyewe. Nitamkatalia huko huko."

Jumatatu hakimu aliuliza kama kuna mwenye pingamizi. Hakuna aliyejibu, ila benchi tupu kando ya fundi likabonyea taratibu kama limekaliwa na mtu mzito, na harufu ile ikapanda, na kikohozi cha marehemu kikasikika karibu kabisa na sikio lake, hata karani akaacha kuandika na shangazi akajifunika uso kwa mtandio.

Fundi akasimama. "Mheshimiwa, anayepinga aape kwanza."

Karani, bila kujua kwa nini anatii, akaunyoosha Msahafu kuelekea benchi lile.

Benchi likalia, likainuka. Dirisha likajibamiza.

Hakimu alipangusa miwani, akakohoa. "Hakuna pingamizi. Mwombaji ameteuliwa."

Nyumbani, fundi alibandua tangazo, akauvunja mlango. Hakukuwa na kitu, ila vumbi, na alama ya mtu aliyekaa sana mahali pamoja.

"Akirudi je?" shangazi aliuliza kutoka mbali.

"Atakuta nyumba ina wenyewe."

Akafagia, akafungua dirisha, akatandika mkeka juu ya alama ile ile, akainua mikono.

"Ee Mola, msamehe baba yangu. Ulipanue kaburi lake, ulitie nuru, na umlaze mahali ambapo hakuna wa kuiga sauti yake. Amina."